Nasoma kidato cha tano Tanga na ninatamani chuo cha nje: nianze na lipi?

Mwanafunzi wa PCM, Tanga mjini

Wakubwa wote, shikamooni. Mimi ni msichana wa kidato cha tano katika shule moja ya serikali hapa Tanga, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Shule ya msingi nilisoma Pangani, nikachaguliwa kuja sekondari ya bweni mjini, na kidato cha nne nikapata daraja la kwanza, nikiwa na A ya hisabati na ya fizikia. Baba ni mvuvi na mama anauza vitafunio karibu na kivuko, kwa hiyo ada ya chuo cha nje haimo kabisa katika uwezo wetu, nami ninauliza nikilijua hilo.

Ninachotaka kusoma ni uhandisi wa pwani na bandari. Nimekua nikiona bahari ikiila Pangani mpaka ukajengwa ukuta wa kuizuia, na hapa Tanga nimeona meli zikianza kufunga gatini baada ya bandari kuchimbwa kina, ilhali zamani shehena ilishushwa nangani kwa matishari. Nataka kuwa miongoni mwa wanaopiga hesabu za kazi kama hizo.

Maswali yangu ni haya. Je, mtu huomba chuo cha nje kabla ya matokeo ya kidato cha sita au baada yake? Na wakala mmoja aliyekuja kutembelea shule anasema atanipatia nafasi nikimlipa ada ya usajili kwanza, nimwamini? Nyaraka ninazo, ila kwenye cheti cha kuzaliwa jina langu la kwanza lina herufi "i" mwishoni, na kwenye cheti cha kidato cha nne halina. Sidhani kama hilo ni tatizo kubwa.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha sekondari za mkoa huu hadi kustaafu, na wengi wa niliowaona wakikwama njiani walikuwa na alama nzuri. Kilichowashinda ni kalenda na karatasi. Hiyo herufi uliyoitaja mwisho kabisa ndiyo ningeanza nayo.

Pasipoti hutolewa kwa kufuata cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, na chuo kitakupokea kwa jina la cheti cha mtihani. Ofisa wa viza akiweka karatasi hizo mbili mezani ataona watu wawili. Cheti cha kidato cha sita nacho kitafuata jina la kidato cha nne, kwa sababu usajili wa kidato cha sita hufanywa kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Baraza la Mitihani si mahali pepesi pa kubadilishia jina baada ya cheti kutoka, kwa hiyo mzazi wako aende ofisi ya wilaya ya RITA, wanaosajili vizazi na vifo, aulizie kurekebisha cheti cha kuzaliwa ili kifanane na vyeti vya shule, na ikishindikana, wakili awaandalie hati ya jina itakayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Lifanyike jambo hili kabla hujaomba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na kabla ya pasipoti, maana pasipoti ni shilingi 150,000 na hakuna sababu ya kuilipia mara mbili.

Sasa kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, wakati ambapo vyuo vingi vinavyofungua Septemba vimekwisha kufunga orodha zao. Maombi ya vyuo vya Marekani hufunguliwa Agosti ya mwaka unaotangulia, na mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, unaolipia ada, malazi, bima ya afya, tiketi ya ndege, posho ya kila mwezi na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, kwa kawaida hupokea maombi kuanzia Januari 10 hadi Februari 20, na kuomba ni bure. Hivyo basi, ukitaka kuondoka mara tu baada ya kidato cha sita, utaomba ukiwa bado darasani, kwa cheti cha kidato cha nne, ripoti za mihula na makadirio ya alama yatakayoandikwa na walimu wako. Uturuki humpokea mwombaji aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, lakini kwa shahada ya kwanza anatakiwa awe na umri chini ya miaka 21. Huku kwetu, ambako watoto wengi huchelewa kuandikishwa darasa la kwanza, sharti hilo limewatoa watu kimyakimya.

Njia ya pili ni kusubiri matokeo, kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na wenzako, kisha kuomba kwa ajili ya mwaka unaofuata ukiwa na matokeo kamili mkononi. Wazazi huuita mwaka wa kupotea. Mimi naona una faida yake, hasa kwa mtoto ambaye kidato cha sita kimekwenda vizuri kuliko cha nne.

Mhandisi, Raskazone

Mdogo wangu, namheshimu mwalimu, ila mimi ningekushauri uigeuze safari yenyewe. Soma shahada ya kwanza nyumbani, utoke nje kwa ajili ya ya pili. Fedha za ufadhili kamili kwa mtoto wa kidato cha sita ni chache na zinagombewa na dunia nzima, lakini kwa shahada ya uzamili milango ni mingi: DAAD ya Ujerumani, Chevening ya Uingereza, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Ukimaliza uhandisi ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukiwa na ufaulu mzuri, utaomba ukijua unachokitafuta, na kwa fani yako hiyo ya pwani na bandari chuo cha Delft cha Uholanzi ni jina linalofahamika kwa kila mhandisi wa maji. Nyumbani una Bodi ya Mikopo, na kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi kuna Samia Skolashipu.

Watu watakuambia Ujerumani vyuo vya umma havitozi ada. Ni kweli kwa sehemu kubwa ya nchi, ila wanakuacha hapo bila kukuambia kwamba mwombaji wa viza hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, na kiwango cha kuweka kwenye akaunti maalumu ya benki kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Kwa mvuvi wa Pangani hiyo ni boti na mashine yake, na bado. Isitoshe, shahada nyingi za kwanza kule hufundishwa kwa Kijerumani.

Popote utakapoamua, kwanza hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba chuo hicho kinatambuliwa, kwa sababu utakaporudi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi haitaangalia picha zako za mahafali.

Mama wa Makorora

Kuhusu wakala, binti yangu, usitoe hata shilingi. Kijana wa jirani yangu, familia iliuza kiwanja ili amlipe wakala, akapewa barua ya kupokelewa iliyopigwa mihuri mizuri, na alipofika akakuta ni nafasi ya mwaka mmoja wa kusoma lugha, shahada haimo. Wafadhili wa kweli hawamtumi mtu shuleni kukusanya ada. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam una washauri wa EducationUSA ambao hawatozi kitu, na ufadhili wa serikali za nje unaopitia kwetu hutangazwa na Wizara ya Elimu kwenye tovuti yake.

Mwanafunzi wa PCM, Tanga mjini

Nawashukuru sana. Baba amekubali kufuatilia suala la cheti, na wakala nimemwambia hapana. Ushauri wa mhandisi nimeuelewa, lakini naona nikiomba vyuo vya nyumbani kupitia utaratibu wa kawaida na huku nikajaribu Uturuki na chuo kimoja au viwili vya Marekani, sitapoteza kitu isipokuwa muda wa kuandika. Wasiwasi wangu ni huu: fomu zinataka barua ya mwalimu itumwe na mwalimu mwenyewe kwa intaneti, na mwalimu wangu wa fizikia ana mzigo wa madarasa na hajawahi kufanya jambo hilo. Je, naweza kuiandika mimi yeye akasaini?

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Usiandike wewe. Barua ya mwanafunzi anayejisifu hujulikana kwa mstari wa pili, na ikijulikana maombi yote yamekufa. Mpe mwalimu wako ukurasa mmoja wenye mambo anayoyajua tayari lakini anaweza kuyasahau: jaribio la maabara uliloliongoza, wenzako uliowafundisha jioni, alama zako za kila muhula. Mengine ataandika kwa maneno yake. Siku ya kutuma, kaa naye kwenye kompyuta ya shule, au mwende Maktaba ya Mkoa, afungue barua pepe yake mwenyewe huku wewe ukimwonyesha pa kubonyeza.

Kwa Marekani, soma kwanza tangazo la ubalozi kuhusu viza za wanafunzi, kwa sababu masharti kwa raia wa nchi mbalimbali hubadilishwa kwa amri ya rais wakati wowote, na usilipie SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule, kabla ya kujua hilo. Chagua vyuo ambavyo havimkatai mgeni kwa sababu ya umaskini wake, kama Harvard, Princeton, Yale, MIT na Amherst, lakini elewa kwamba hivyo ndivyo vigumu kuliko vyote kuingia. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unafanyika Dar es Salaam na matokeo yake hudumu miaka 2. Ukiusubirisha mtihani huo mpaka kidato cha sita hutapungukiwa na kitu, na nauli utakuwa umeiunganisha na safari ya pasipoti kama itakulazimu kwenda huko. Barua za walimu ziombe Septemba ya kidato cha sita, kabla hawajaanza kusahihisha mitihani ya muhula.