Naomba ushauri: mdogo wangu karudi kutoka Marekani, hana raha

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike alipata nafasi kwenye programu ya YES, ile inayogharamiwa na serikali ya Marekani, akakaa mwaka wa masomo na familia moja huko Iowa. Karudi Tanga, tukapika pilau, majirani wakajaa.

Shida imeanza baada ya shamrashamra. Usiku halali. Saa sita za usiku huku, kule ni saa kumi jioni, ndiyo muda wa kuongea na mama yake wa kule. Asubuhi bibi akimwita afagie uwanja, anatoka macho yamevimba, anapita bila hata shikamoo. Bibi kashatoa hukumu: mtoto kaharibika. Mimi sikubali. Juzi nimemkuta jikoni na daftari la hesabu, machozi yanadondokea kwenye karatasi.

Nadhani kinachomuuma zaidi ni shule. Wenzake wako kidato cha nne, yeye anarudia cha tatu. Akijibu swali kwa Kiingereza chake kipya wanamzomea "mzungu", akinyamaza wanasema anaringa.

Baba anataka amnyang'anye simu kabisa. Naona atazidi kujifungia, ila sina hoja ya kumshawishi mzee.

Mliowahi kwenda, au mnaolea waliorudi, mlifanyaje? Nimtafutie waliomtangulia kwenye programu aongee nao, au nimpe muda kwanza? Na bibi naanzaje kumwelewesha?