Naomba ushauri: kupima kasi ya radikali kuungana tena juu ya mwali

Habari zenu wakuu. Nina kichomeo cha mwali bapa, gesi ni haidrojeni, oksijeni na naitrojeni, haidrojeni ikiwa ya ziada, joto kama 2000 K. Juu ya mwali, radikali (vipande vyenye hamu ya kuungana, hapa atomi za H na OH) hubaki nyingi kupita kiwango cha usawa wa kikemia, kisha huungana taratibu, maana H mbili zikikutana lazima molekuli ya tatu iwepo ibebe nishati.

Nikipuliza ukungu wa chumvi ya kalsiamu, muungano unakwenda mbio. Hapo naelewa: Ca(OH)2 hukamata H, hutoa maji na kubaki CaOH, CaOH hukamata H nyingine, hutoa H2 na kubaki CaO, CaO hunywa maji yaliyomo na mzunguko unaanza upya. Mgongano wa watatu hauhitajiki tena.

Kinachonitoa jasho ni kipimo. H naikadiria kwa kulinganisha mwanga wa lithiamu (671 nm) na wa sodiamu (589 nm), kwa kuwa sehemu kubwa ya lithiamu hujificha kama LiOH, na kiasi kinachojificha hutegemea H iliyopo. Sasa CaOH nayo inang'aa nyekundu, kilele karibu na 622 nm. Mkia wake haunichafulii lithiamu kweli? Mnaondoaje mwanga huo wa nyuma?

La pili: grafu ya 1/[H] dhidi ya muda inanyooka, halafu nikipanda juu zaidi ya mwali inapinda. Nishuku chembe ngumu za kalsiamu iliyoganda, au joto linalotolewa na muungano wenyewe? Aliyewahi kupambana na hili anisaidie kabla sijaacha kalsiamu na kuhamia kwenye chuma, ambacho ndicho kabisa hupenda kuganda kuwa chembe.