Eti Okutoyi "alipotelea wapi"? Hebu tuambiane ukweli

Wadau, nimechoka. Jina la Angella Okutoyi, mchezaji wetu wa tenisi, likitajwa tu, lazima azuke mtu: "Kwani yule dada alipotelea wapi?" Hajapotea. Ninyi ndio mlipotea kombe lilipokwisha kupigiwa picha.

Julai 2022, Wimbledon ya vijana, fainali ya wasichana wawili wawili. Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamalizia 11-9 kwenye ile ya kuamua. Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi! Wiki ile kila mtu alikuwa mjuzi wa tenisi.

Sasa mnakumbuka walifungwa kina nani? Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko huyohuyo alimfunga Naomi Osaka fainali akachukua taji la Montreal. Aliingiaje mashindano makubwa namna ile? Kwa nafasi ya mwaliko. Nchi yake ina mashindano, kwa hiyo ina nafasi za kugawia watoto wake. Sisi tuna nini cha kugawa?

Na hapo ndipo damu inanichemka. Pointi za kupanda kwenye orodha ya wachezaji bora duniani zinatafutwa kuanzia chini kabisa, kwenye mashindano ambayo zawadi yote ni dola 15,000, wanagawana wote. Ukitolewa raundi ya kwanza, unachopata hakilipi hata hoteli. Watunisia wanayaandaa Monastir karibu kila wiki, Wamisri vivyo hivyo Sharm El Sheikh. Binti wao anapanda basi kwenda kutafuta pointi. Wa kwetu, zile wiki chache za Nairobi zikiisha, ni ndege, viza na hoteli, na akirudi mikono mitupu hakuna wa kumrudishia nauli. (Viza yenyewe kwa pasipoti yetu, tusianze.)

Ndiyo maana akaenda Auburn kule Alabama kusoma na kuchezea chuo. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake, mama alifariki akijifungua, mlitaka akatae makocha, viwanja na karo? Ila mechi za vyuo hazina pointi za WTA, chama cha tenisi ya wanawake kinachotoa orodha hiyo ya dunia. Hiyo ndiyo bei aliyolipa.

Bei yenyewe ikaonekana Machi 2024. Akaenda Michezo ya Afrika kule Accra, akarudi na dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Dhahabu ile ilikuwa mlango wa Olimpiki ya Paris, kwa sharti kwamba bingwa awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwemo. Bingwa wa Afrika nzima akaitazama Paris kwenye televisheni kama mimi na wewe!

Na wakubwa? Medali ikija wako mstari wa mbele kupiga picha. Omba fedha za wiki kumi tu za mashindano hapa nyumbani, uone simu zinavyozimwa. Kampuni nazo zinaingia mtoto akishashinda, nauli ya kwenda kushinda haziijui.

Anayejua bajeti ya tenisi mwaka huu aiweke hapa tuisome. Na wewe wa "aongeze bidii tu", nakusubiri, ila uje na nauli ya Monastir mkononi.