Tangi jipya la lita 40, naweza kuweka samaki lini?

Habari wakuu, nimepata tangi dogo, changarawe nimeiosha, maji nimejaza jana na filta inazunguka, ila leo maji yamekuwa kama yametiwa maziwa, nimwage nianze upya au? Samaki nataka kuweka kesho kutwa.

Jibu 1
Usimwage mkuu, huo ukungu mara nyingi ni bakteria wanazaliana tu, utaisha wenyewe. Ila kesho kutwa sahau kabisa. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, ni sumu, na tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti (nayo sumu vilevile) halafu nitrati ambayo ina afadhali. Hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa, tena wanahitaji chakula, kwahiyo tupia punje chache za chakula cha samaki zioze humo. Halafu pima maji, amonia na nitriti zote zikisoma 0 na nitrati imeanza kuonekana ndo uweke, wawili watatu kwanza.

Jibu 2
Na klorini je? Kama ni maji ya bomba weka dawa ya kuiondoa, la sivyo unaua hao bakteria. Mimi niliosha sponji ya filta, ambamo hao bakteria hukaa, kwa maji ya bomba, ikang'aa kweli, wiki ileile samaki wakawa juu wanahema midomo wazi 😭 ioshe kwa maji ya tangi lenyewe

Muulizaji
Dah, kumbe! Basi nasubiri, asanteni sana