Tupeane uzoefu: umeandika printf, skrini ikakuonyesha kingine

Wakuu, habari zenu. Naanzisha uzi huu kwa sababu nimepoteza siku mbili nzima nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, na sitaki mwingine apite njia hiyo.

Programu yangu ya C ilikuwa inakufa ghafla. Nikafanya kama tunavyofanya wengi, nikapanda printf (amri ya kuchapa maneno) kila hatua: "nimefika A", "nimefika B", "nimefika C". Kuiendesha, ikatoa A, ikafa. Basi nikaamini kosa liko kati ya A na B. Mistari ile nimeisoma mpaka nikaikariri, na haina tatizo. Kumbe B na C nazo zilishapitiwa, ila maneno yake yalikuwa yamelala kwenye bafa, yaani memori ya muda ambamo husubiri kabla ya kutolewa. A peke yake ndiyo niliyoifunga kwa \n (alama ya mstari mpya). stdout (njia ya kawaida ya matokeo ya programu) ikiwa kwenye terminali, kwa kawaida hutunza maneno mpaka mstari uishe au bafa ijae. Programu ikifa vibaya kabla ya hapo, yanapotea nayo. Kosa lenyewe lilikuwa mbele ya C: pointa yenye NULL, yaani isiyoelekeza popote.

Siku hizi ujumbe wa kusaka makosa naupeleka stderr (njia ya ujumbe wa makosa) kwa fprintf, maana ile haisubiri. Na nikiuliza "Weka jina: " bila kuruka mstari, chini yake, ili kilichoko kwenye bafa kitoke hapo hapo, naweka fflush(stdout);

Wewe yalikukuta yapi?

#2
Pole sana mkuu. Mimi \n niliweka kila mahali na bado ilinikamata. Kwenye terminali yote yalionekana. Nikaelekeza matokeo kwenye faili kwa alama ya >, nikalifungua programu ikiwa bado inakimbia: tupu. stdout ikienda kwenye faili au paipu (kwenda programu nyingine), \n haisukumi kitu tena, inangojwa bafa yote ijae.

#3
Yangu ilikuwa hii:

char neno[6] = "Habari";

C inaikubali, kwa sababu herufi sita zinaenea. Ila '\0' (baiti ya sifuri) ya kufungia imekosa nafasi. printf("%s\n", neno) ikanitolea Habari, halafu takataka mbele yake. Ile %s haijui urefu wa neno lako. Inatembea baiti kwa baiti mpaka ikutane na sifuri, hata kama iko kwenye memori ya kitu kingine. Andika neno[] tu, kompaila ihesabu yenyewe. Itapata saba.

#4
Wanaoanza, nawaomba sana: msiandike printf(jina) kama jina limetoka kwa mtumiaji. Mwenzangu alipopitia msimbo wangu, kwenye nafasi ya jina akajaza %x %x %x, ambazo printf huzisoma kama amri za kuchapa namba. Skrini ikatema namba zilizotoka kwenye memori ya programu. Nilishtuka, kwa sababu msimbo ule ulikuwa tayari unatumika. Na %n ni mbaya zaidi, yenyewe inaweza kuandika kwenye memori. Tumia printf("%s", jina) au fputs(jina, stdout). puts nayo ipo, ila huongeza mstari mpya yenyewe.

#5
Mimi ni rangi. Nilitanguliza \033[31m (alama ya rangi nyekundu) kwenye ujumbe wa kosa, nikasahau \033[0m (ya kurudisha rangi ya kawaida) mwishoni, terminali yote ikabaki nyekundu hata baada ya programu kuisha. Amri ya reset ndiyo iliyonirudishia.

Mwanzisha uzi
#2, nimeijaribu sasa hivi kwa kuweka sleep(10), yaani kusubiri sekunde 10, kati ya printf mbili. Kwenye faili, zote mbili zimeingia kwa mpigo mmoja, mwishoni kabisa.