Tulilipia mavazi halisi ya filamu, tukaonyeshwa nguo za dukani: wa maonyesho ya Westlands, rudisheni pesa zetu

Wadau, nina hasira na sitaificha. Jumamosi nilipeleka familia kwenye yale maonyesho ya filamu yanayotangazwa kila kukicha mtandaoni, yaliyo ndani ya jumba moja la maduka Westlands, Nairobi. Mtu mzima shilingi 1,500, mtoto 1,000. Unalipa kwa M-Pesa kabla hujapita mlangoni, na tiketi imeandikwa kwamba pesa hazirudishwi. Tangazo lao bado liko kwenye simu yangu: "mavazi na vifaa halisi vilivyotumika katika filamu." Hicho ndicho tulichokwenda kuona, na hicho ndicho ambacho hakikuwepo.

Niliyemwonea uchungu zaidi ni mama mkwe wangu. Shosho huyu wa wanangu alishona sare za shule pale Soko la Uhuru mpaka macho yakachoka. Binti yangu alimsomea habari za Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya Black Panther, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo ya mavazi. Alimweleza jinsi kofia ya malkia wa filamu hiyo ilivyotengenezwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Shosho alimfanya arudie sehemu hiyo. Kofia inatokaje kwenye printa? Alitaka aione kwa macho yake. Na Lupita wetu yumo kwenye filamu hiyo, kwa hivyo nyumba nzima ilikuwa inaingoja siku hiyo kwa hamu.

Tukafika kwenye kabati la kioo lenye vazi la malkia na kofia yake. Shosho akavaa miwani, akainama, akakagua pindo kama anayepokea kazi ya mwanafunzi wake. Akaniita. "Hii ni ovaloki, mshono wa mashine ya kiwandani. Na uzi wameuacha unaning'inia. Tazama shingoni." Nikatazama. Lebo ya kiwanda ilikuwa bado imeshonwa ndani ya kola: saizi M, poliesta asilimia 100, na kile kijipicha cha beseni la kufulia. Kofia ilikuwa kadibodi iliyopuliziwa rangi. Upande mmoja ukingo ulikuwa umebanduka, kaki iko nje.

Nikamuuliza kijana aliyesimama hapo, kwa upole kabisa, kama hili ndilo vazi lililovaliwa kwenye filamu. "Ndiyo, madam, ni orijino." Shosho akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi ni fundi." Kijana akainamisha kichwa. Yeye simlaumu, amepewa maneno ya kusema na waliomwajiri, na ndiye aliyetuelekeza kwenye kibao kilichobandikwa karibu na mlango wa kutokea, chini usawa wa goti, maandishi madogo: "Baadhi ya vitu ni nakala." Yaani unaambiwa ukiwa unatoka, pesa imeshaingia kwao!

Nikamtafuta meneja. Nikamwambia sitaki maneno mengi, anionyeshe kitu kimoja tu humo ndani ambacho si nakala. Akasema anapiga simu mara moja. Hatukumwona tena. Wakati huo wote shosho amesimama na mkongojo wake, maana ukumbi mzima hauna kiti hata kimoja cha mzee kupumzikia.

Kabla mtu hajaniambia eti hata makumbusho makubwa huweka nakala: najua, na sina ugomvi na nakala. Nenda Makumbusho ya Taifa, uani utamkuta Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974. Yule wa uani ni sanamu la faibaglasi, na hakuna anayekuficha. Wanangu wanampenda vivyo hivyo. Kumbe inawezekana kumwambia mtu ukweli na bado akafurahi.

Halafu hiyo "Kona ya Kenya" yao. Ni picha moja ya Lupita iliyotolewa mtandaoni, imevutwa hadi uso umekuwa vidoa, imebandikwa kwa selotepu. Basi. Nchi ambayo Born Free, filamu ya mwaka 1966, ilipigwa kule Naro Moru. Nchi iliyotoa Nairobi Half Life mwaka 2012, filamu yetu ya kwanza kupelekwa kushindania Oscar. Mafundi wa taa, wapiga picha, warembaji na washonaji wa filamu tunaishi nao mji huu huu. Wenye maonyesho walishindwa kuazima kamera kuukuu ya hata mmoja wao, watoto wakaona tundu la lenzi? Kijana wangu alikuwa na swali moja tu, picha hutembeaje. Kulikuwa na ile silinda yenye mianya ambayo ukiizungusha na kuchungulia, farasi aliyechorwa ndani anaonekana anakimbia. Imevunjika, imefungwa kamba. Mimi ndiye niliyemweleza, tukiwa kwenye matatu, kwamba filamu ni picha 24 kila sekunde.

Na usiku nikakuta sura za wanangu kwenye ukurasa wao wa matangazo! Mpiga picha wao aliwapiga bila kuniuliza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi. Nimewaandikia waziondoe, na barua ya kumpelekea Kamishna wa Data naiandaa.

Kuhusu pesa: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji, na ya kulipwa fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nimewapa hadi Ijumaa. Wasiponirudishia, Jumatatu naenda kufungua kesi, na shosho amekubali kuwa shahidi.

Kama nawe uliingia humo, usifute ujumbe wa M-Pesa. Piga picha tangazo lao leo hii kabla hawajalibadilisha, na kama ulipata picha ya ile lebo ya shingoni iliyo wazi kuliko yangu, iweke hapa chini.