Kubadilisha transfa ya Discovery 2 isiyo na loki ya difu ya kati

Mkulima wa Mang'ola anauliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kulala chini ya gari hili na kulifungua kwa mikono yao. Nina Land Rover Discovery 2 ya mwaka 2002, injini ya Td5, gia za mkono, ambayo imenihudumia kwa miaka sita kati ya Karatu na mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Injini haijanisumbua hata siku moja. Kinachoninyima raha ni transfa, yaani boksi la pili la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma: mkono wake mfupi unakwenda mbele na nyuma tu, kutoka gia ya juu hadi gia ya chini, na hauna njia ya ubavuni ya kufunga difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli hizo mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti, kama ilivyokuwa kwenye Discovery 1 ya marehemu baba yangu.

Masika iliyopita, kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ugali, gurudumu la mbele la kushoto lilizama mferejini na la nyuma la kulia likabaki hewani kiasi cha kupitisha kiganja. Nilikuwa kwenye gia ya chini. Mfumo wa kompyuta ukaanza kukamata breki za magurudumu yaliyokuwa yanazunguka bure, ukikwaruza kwa vishindo vifupi vifupi, na gari likasogea hatua moja, likasimama, likasogea nusu hatua, hadi nikasikia harufu ya pedi za breki zinazoungua. Trekta la jirani ndilo lililonitoa.

Fundi mmoja wa Arusha anataka kunifungia transfa nzima ya Discovery 1 yenye loki. Mwingine anasema nitafute ya Defender kwa kuwa ni ngumu zaidi. Wa tatu ananiambia nitapoteza fedha na spidomita itakufa. Naomba kujua kama kazi hii ina faida ya kweli, transfa ipi inafaa, na nini kitaharibika nikiibadilisha.

Dereva wa Same anajibu:

Pole sana kaka. Kuhusu faida, nitakueleza yaliyonipata, na matope hayakuhusika hata kidogo. Nilikuwa ninatoka Mombo kuelekea nyumbani na Discovery 2 kama yako, nikaanza kusikia mlio mwembamba kama wa ndege chini ya miguu yangu, na kabla sijapata mahali pa kuegesha, propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli, ikaanza kupiga. Krosi mbili, yaani viungo vyake vinavyopinda, zilizo upande wa transfa zilikuwa zimekauka, kwa sababu zile za kiwandani hazina chuchu ya kupakia grisi. Nilishukuru Mungu kwamba haikutoboa gia boksi, maana hilo hutokea.

Niliifungua propela yote mbele ya duka la vifaa, nikaifunga kwa kamba nyuma ya kiti, nikawasha gari nikiamini nitaendelea kwa magurudumu ya nyuma. Gari halikusogea hata sentimita moja. Difu ya kati ikiwa wazi hupeleka mzunguko wote upande usio na mzigo, na upande ule sasa haukuwa na propela kabisa. Mwenye loki angeifunga tu na kuendesha polepole hadi kwake kwa ekseli ya nyuma. Mimi nilivutwa. Kwa hiyo usihesabu faida yake kwa siku za mvua peke yake.

Fundi wa Gerezani anajibu:

Mdogo wangu, kabla hujatoa shilingi yako, ingia chini ya gari na tochi. Discovery 2 ilipotoka mwaka 1998, kiwanda kiliuondoa mkono wa kufungia difu kwa kuamini kwamba mfumo wa kudhibiti magurudumu kwa breki ungetosha, lakini kwa miaka ya mwanzo viungo vya loki viliachwa ndani ya transfa vikiwa vizima. Baadaye navyo vikaondolewa, na kwenye magari ya modeli ya 2004 loki ikarudi pamoja na mkono wake. Gari la 2002 liko katika kipindi kile cha wasiwasi, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi hauwezi kukuhakikishia kilichomo ndani.

Angalia juu ya nyumba ya mbele ya transfa, mahali propela ya mbele inapotokea. Ukikuta kijiti kifupi cha chuma kimesimama, chenye ubapa pande mbili unaoingia spana namba 10, loki unayo. Kinachokosekana ni mkono tu. Kigeuze kwa spana ukiwa umezima injini, na mtu asukume gari kidogo ili meno yakutane. Usipokiona kijiti hicho, ndani hamna kitu, na hapo ndipo mazungumzo ya kubadilisha yanapoanza.

Transfa hizi zote ni za ukoo mmoja, LT230, iliyoanza kutumika mwaka 1983 kwenye Land Rover One Ten na kuendelea hadi kwenye gari lako. Ya Discovery 1 inashika gia boksi yako ya R380 bila kuchongwa kitu. Spidomita haitakufa, kwa sababu gari lako linasoma mwendo kutoka kwenye sensa za magurudumu. Ile sehemu ya spidomita iliyoko kwenye transfa ya zamani utaiziba vizuri isivuje, na kazi imekwisha. Huyo aliyekutisha amefikiria gari la baba yako.

Ukienda kununua iliyotumika, usiangalie rangi. Shika flanji ya nyuma, yaani sahani inayofungwa propela, weka gia, uizungushe mbele na nyuma kwa mkono usikilize uchezaji. Kisha pitisha kidole kuzunguka ncha mbili za shafti ya katikati, kwa maana oringi za hapo, yaani pete za mpira za kuzuia oili, ndizo zinazovujisha LT230 nyingi, na tundu la shafti hiyo likishalika, oringi mpya haitasaidia kwa muda mrefu. Kisha mulika ndani ya gia ya kuingilia, ile inayopokea shafti ya gia boksi. Kwenye transfa za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 gia hiyo haina matundu ya kupitishia oili, kwa hiyo meno yake husagika makavu na kula shafti ya gia boksi pamoja nayo. Nyingine, zilizotoka baadaye, zina matundu. Ukipata isiyo na matundu, hamishia gia yako ya sasa au nunua mpya. Hapa usibane matumizi hata kidogo, kwa sababu shafti ya gia boksi ikiliwa utaifungua gia boksi nzima.

Flanji zako za mbele na nyuma, pamoja na breki ya mkono na bamba lake, zihamishie kwenye transfa mpya ili propela na waya wa breki vikae kama vilivyokuwa. Nati ya flanji ni namba 30, na pale pana sili, weka mpya. Weka pia sili mpya ya mbele, kati ya gia boksi na transfa, kwa sababu ikiwa imechoka oili ya gia boksi huhamia kwenye transfa kimyakimya na hutaona tone chini. Ujazo wa transfa ni lita 2.3. Ukitoa oili zaidi ya hapo, ujue ilikwisha kuvuka.

Na nakusihi usimruhusu mtu aipokee transfa kifuani. Nimemwona kijana akivunjika vidole viwili kwa haraka ya dakika tano. Jeki ya gia boksi, mkanda, na vijiti viwili virefu vya nyuzi vya kuiongoza iingie sawa, ndivyo vinavyofanya kazi hii iwe ya siku moja.

Msomaji wa Nairobi anajibu:

Nakubaliana na mzee wangu wa Gerezani kwa yote, ila ningependa kuongeza mambo mawili. La kwanza ni hilo la Defender. Gia ya chini ni ileile kwenye zote, takriban 3.32 kwa 1, kwa hiyo kwenye matope hutapata nguvu zaidi. Tofauti iko kwenye gia ya juu: Discovery ina 1.211, ilhali Defender nyingi za injini za Td5 na 300Tdi zina 1.410. Maana yake ni kwamba kwa mwendo uleule wa lami injini yako itazunguka asilimia 16 zaidi, itapiga kelele na kunywa dizeli. Kwa mwenye matairi makubwa au mwenye kuvuta trela mlimani ni jambo jema. Kwa mtu anayeshuka Karatu hadi Arusha kila juma sioni sababu. Wauzaji wa Kirinyaga Road huziita zote "transfa ya Land Rover", kwa hiyo soma namba iliyochapwa kwenye bodi kabla ya kulipa.

La pili, si lazima kubadilisha transfa nzima ikiwa yako ni nzima. Loki yote, yaani uma wake, bangili ya meno na shafti ya kutokea, imo kwenye nyumba ya mbele, nayo inaweza kufunguliwa gari likiwa na transfa yake mahali pake, ikatolewa na kuwekwa ile yenye loki. Mimi nilifanya hivyo na sikugusa gia boksi. Kwa mkono nilipata ule wa Discovery 2 ya 2004, ambao unaenda ubavuni. Rafiki yangu aliyeukosa alitumia waya wa kuvuta uliopitishwa karibu na kiti, nao unafanya kazi vizuri ila unahitaji kupakwa mafuta mara kwa mara. Usisahau swichi ya taa ya kuonyesha kwamba loki imefungwa. Pitisha waya wa umeme hadi kwenye taa ndogo mbele ya macho yako, kwa sababu dereva anayesahau loki imefungwa na kuingia kwenye lami kavu anaikaza transfa, propela na ekseli hadi kitu kimoja kiseme.

Mkulima wa Mang'ola anajibu:

Ninawashukuru sana. Jumamosi nililala chini ya gari kama nilivyoagizwa. Nilifuta matope yaliyokuwa yameganda, nikafika kwenye nyumba ya mbele, na pale ambapo kijiti kingesimama nilikuta chuma kitupu, laini, kisicho na tundu. Nilikaa kimya kidogo. Halafu nikamwambia kijana wangu afungue oili ya transfa, tukaipima kwa chupa za maji: ilitoka lita 3 na zaidi kidogo, na mwisho wake ilikuwa na rangi nyingine. Kwa hiyo sili ya mbele imechoka, na kwa vyovyote transfa inatakiwa ishuke. Nimeona bora niibadilishe yote kwa ile ya Discovery 1, mradi gia yake ya kuingilia iwe na matundu.

Swali langu la mwisho: nikishaifunga transfa hiyo, nitajuaje kwamba loki inashika kweli bila kwenda kutafuta matope?

Fundi wa Gerezani anajibu:

Umefanya vyema kupima oili. Wengi huimwaga tu. Jaribio ni rahisi. Egesha mahali tambarare, weka magogo kwenye magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, weka gia boksi huru na transfa kwenye gia ya juu. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Loki ikiwa wazi utaligeuza gurudumu hilo kwa mikono miwili. Funga loki, lisukume tena, na baada ya mchezo mdogo wa meno linapaswa kugoma kabisa, kwa sababu sasa limeunganishwa na shafti ya nyuma ambayo breki ya mkono imeishika.

Na hapohapo ujifunze jambo ambalo wenye magari haya wengi hawaambiwi. Breki ya mkono ya Land Rover hii haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa, inashika propela. Siku utakapoinua gurudumu moja la nyuma ili kubadilisha tairi, gia ikiwa huru na loki ikiwa wazi, difu ya nyuma italiacha gurudumu la hewani lizunguke na la chini libiringike, na gari litaondoka juu ya jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Ukiwa na loki, ifunge kwanza, weka gia, weka magogo, ndipo uinue.

Mkulima wa Mang'ola anajibu:

Imekamilika jana. Kazi ilichukua siku moja na nusu, kwa sababu bolti ya juu kabisa ilikataa kufikiwa hadi tuliposhusha mkia wa gia boksi kwa jeki. Transfa tuliyoipata ina matundu kwenye gia ya kuingilia, flanji na breki ya mkono ni zangu, na spidomita inasoma kama kawaida. Mkono wa 2004 sikuupata, kwa hiyo nimetumia waya, na taa ndogo ya rangi ya machungwa nimeiweka kushoto kwa usukani.

Tulifanya jaribio la gurudumu la mbele. Kijana wangu alilisukuma likazunguka, nikavuta waya, akalisukuma tena kwa mwili wake wote, likagoma. Leo asubuhi nimepita kwenye mfereji uleule, udongo ukiwa umelowa kwa mvua ya usiku, na nimevuka kwa gia ya pili bila breki kuungua. Upande wa pili, taa haikuzimika nilipolegeza waya ili kufungua loki, kwa kuwa meno yalikuwa bado yamekazana. Nilirudi nyuma mita tatu, ikazimika, nikaendelea.

Propela ya mbele nayo nimeagiza yenye chuchu za grisi.